Pasua Mayai Kabla Hujalaumu Mashine

Ibinzamata, Shinyanga
Septemba

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Ulitia mayai 90, ukapata vifaranga 31, na sasa unataka kuuza mashine hiyo ununue ile ya mayai 528 kwa sababu hiyo uliyonayo ni feki. Huenda kweli ni feki. Lakini nilipokuuliza yale 59 yalikuwaje ndani, ukanijibu umeyatupa shimoni. Hapo ndipo uliponichefua. Huko kwenu Katoro, kwenye dhahabu, yupo mchimbaji gani anayemwaga udongo kabla ya kuupima kwenye karai?

Safari ijayo, siku ya 22, vifaranga wakishakauka, yachukue mayai yaliyogoma, toka nje, upe upepo mgongo, uyapasue moja moja upande ule butu. Mengine yatalipuka, kwa hiyo usivae shati la kanisani. Yai lililogoma hukwambia limekufa siku gani, na siku hiyo ndiyo inayomtaja mkosaji.

Kundi la kwanza utakuta yaliyo meupe ndani, kiini cha njano, hakuna hata uzi wa damu. Hayo kwa kawaida hayakuwa na mbegu, na mashine haina kesi. Umesema trei mbili ulinunua kwa mchuuzi na moja ni ya kuku wako. Mayai mengi ya trei pale sokoni ni ya kuku wa mayai wa bandani ambao hawajawahi kuona jogoo. Ungeyaweka hata chini ya tetea wa marehemu bibi yako yasingetotolewa. Rangi ya gamba isikudanganye, mtego ni huo. Siku ya 7, usiku, yamulike kwa tochi ya simu: lenye uhai lina mishipa iliyosambaa kama miguu ya buibui. Yasiyo na kitu yatoe, uyahesabu. Yakiwa 30, basi mashine yako ilitotoa 31 kati ya 60, si kati ya 90, na hapo hasira inapungua nusu. Tena andika kwa penseli juu ya kila yai limetoka wapi. Bila alama hiyo utabaki kubahatisha.

Kundi la pili lina pete ya damu. Humo kifaranga alianza kukua, akafa wiki ya kwanza. Mtafute mkosaji kwenye safari ya yai kabla halijaingia mashineni. Yai likipita siku 7 bila kuatamiwa nguvu zake zinashuka, na mchuuzi anayekusanya kijiji kwa kijiji hawezi kukuambia la kwanza lilitagwa lini. Joto nalo: chumba kikizidi nyuzi 21 hivi, kilichomo huanza kukua kidogo kidogo, kikiwa dhaifu. Sasa fikiria boksi juu ya bodaboda saa nane mchana, mwezi huu wa Septemba. Mayai yakifika yapumzishe usiku kucha mahali pa baridi, ncha iliyochongoka ikiwa chini, ndipo uyatie. Halafu umesema mashine ipo chumba kinachopakana na karasha la kusaga mawe. Ihamishe. Mayai machanga hayapendi kutikiswa mchana na usiku. Na kama humo ndani kuna anayechoma dhahabu kwa zebaki, achana na mayai kwanza, wewe mwenyewe usilale humo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona hulijui, maana umelitaja kwa kujisifu: kwamba kuku wako unawalisha mashudu ya pamba kwa kuwa yanapatikana kwa bei poa. Kwa ng'ombe ni sawa, sisi Wasukuma tumewalisha hayo miaka yote. Kwa kuku wa kutotolesha ni balaa. Mbegu ya pamba ina sumu iitwayo gosipoli, na mafuta yake nayo yana madhara yake. Chukua yai moja la kuku wako lililokaa siku kadhaa, lipasue kwenye sahani nyeupe. Kiini kikiwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, au ute ukiwa na wekundu wa mbali, usihangaike na themomita. Ugonjwa uko kwenye pipa la chakula. Viinitete vya kuku hao huweza kufia ndani ya yai. Hamia mashudu ya alizeti, ongeza dagaa (mko karibu na ziwa kuliko sisi) na majani mabichi, kisha usubiri wiki tatu au nne kabla ya kukusanya mayai ya kutotolesha. Jogoo mmoja kwa matetea 10 anatosha. Na wachanje kideri, ile chanjo ya I-2 inayotengenezwa Kibaha, tone moja jichoni kila miezi mitatu, maana kuku aliyepona kideri anaweza kutaga magamba laini kwa muda mrefu.

Kundi la mwisho ndilo la kuumiza: kifaranga kamili, manyoya tayari, amefia ndani, au ametoboa tundu akaishia hapo. Hapa ndipo mashine inapopandishwa kizimbani, pamoja na wewe. Wakitoka siku ya 19 au ya 20, vitovu vikiwa na damu, joto lilizidi. Wakichelewa mpaka ya 23, lilipungua. Mashine yenye feni inataka nyuzi 37.5, na namba inayowaka mlangoni usiiamini. Nunua themomita ya pembeni, itumbukize kwenye maji ya vuguvugu pamoja na kipimajoto cha homa cha duka la dawa, ulinganishe. Usiipime kwa maji yanayochemka. Huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Wamisri wa kale walitotolesha maelfu ya mayai kwenye matanuri ya udongo bila themomita, wakiliweka yai kwenye kope la jicho kusikia joto lake. Wewe huna kope hilo.

Unyevu uwe asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha upandishe 65 hadi 70 na uache kuyageuza. Kiangazi hiki beseni hukauka usiku mmoja, ngozi ya ndani ya yai inakakamaa, kifaranga ananasa. Masika mambo hugeuka: maji yakizidi chumba cha hewa kinakuwa kidogo, kifaranga anavimba na kuzama kwenye ute. Kipimo cha unyevu kijaribu kwa chumvi ya jikoni iliyoloweshwa mpaka iwe tope, uvifungie pamoja kwenye kopo lisilopitisha hewa mpaka kesho yake. Kisome karibu na 75.

Wakianza kudonoa, usifungue mlango kuwapigia picha. Najua unafungua, picha nimeziona. Kila ukifungua unyevu wote unatoka. Wala usimbandue kifaranga gamba kwa huruma.

Umeme ukikatika wiki ya kwanza, funga mashine, ifunike blanketi, usihangaike. Hata tetea huinuka kwenda kula. Ukikatika siku za mwisho, acha mwanya wa hewa, kwa sababu vifaranga wakubwa hutoa joto lao wenyewe na feni haizunguki.

Fedha ya mashine ya 528 iweke. Toa kidogo ununue majogoo wawili wa damu nyingine, sio watoto wa jogoo uliye naye. Tia trei moja tu safari hii, ya kuku wako, baada ya kuacha pamba. Siku ya kupasua nitumie picha za yaliyokufa kwa WhatsApp, na zile za vifaranga mtumie mama yako.

Shangazi yako