Maji ya Moto ya Tanga

Je, umewahi kuona maji yanayotoka ardhini yakiwa ya moto, bila kuni wala jiko? Mimi nimeyaona Tanga, karibu na Amboni. Mahali hapo huitwa Galanos, jina la Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge huko.

Nilikwenda na mzee mmoja wa darasa letu. Magoti yalimsumbua, akauza mbuzi wawili apate nauli. Kutoka Singida hadi Tanga ni mbali. Tulipita Dodoma, Morogoro na Chalinze.

Kabla ya kuyaona maji utasikia harufu yake. Hunuka kama yai viza. Hiyo ni harufu ya salfa. Mzee alisita. Akaniuliza, "Mwalimu, maji yanayonuka hivi ndiyo dawa?" Akaingiza mguu, akautoa, akauingiza tena. Kisha akakaa kimya.

Moto huo watoka wapi? Maji ya mvua huzama chini sana katika nyufa za miamba. Kadiri unavyokwenda chini, ndivyo miamba inavyozidi kuwa ya moto. Maji hupata moto huko, kisha hupanda juu tena.

Nchi ya Japani ina chemchemi nyingi za namna hii, na watu husafiri kwenda kuoga. Katika mji wa Kusatsu maji hutoka na moto mkali. Desturi yao ni kuyapoza bila kuongeza maji baridi, yasije yakapungua nguvu. Huyakoroga kwa mbao ndefu huku wakiimba. Tena kila mtu hujisafisha kando kwanza, ndipo aingie bwawani. Desturi hiyo nimeipenda. Humwachii mwenzako uchafu wako.

Jioni mzee alitembea vizuri zaidi. Akasema, "Sasa vidonge vya presha nitavitupa." Nikamwambia hapana. Maji ya moto hulegeza misuli na kupunguza maumivu kwa muda. Presha hayaiponyi. Tena mwenye presha akikaa sana katika maji hayo aweza kushikwa na kizunguzungu akaanguka. Tulibishana mpaka usiku. Mbuzi wawili si mali ndogo, naye alitaka kurudi amepona yote.

Asubuhi nilimkuta akimeza kidonge. "Magoti nimeyaleta kwa maji," akasema. "Presha ni ya daktari."

Siku hizi, kijijini, huchemsha maji, huyaacha yapoe mpaka kiwiko kivumilie, kisha huloweka taulo na kuliweka juu ya magoti. Nauli ya Tanga hataki hata kuisikia.