Tukutane Dukani

Ndani ya filamu ya The Shop Around the Corner kuna mzee anaitwa Pirovitch. Ni karani wa dukani, ana mke na watoto wa kulisha, na kila bosi akitangaza kwamba anataka mtu ampe maoni yake ya kweli, Pirovitch anageuka na kupotea. Hasemi kitu. Anapotea tu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili mama yangu, aliyekuwa ameketi kando yangu akichambua mrenda, akasema, "Huyo ameshawahi kuajiriwa." Nikajua tutaitazama hadi mwisho.

Filamu ni ya mwaka 1940, nyeusi na nyeupe, ya Ernst Lubitsch. Alfred Kralik (James Stewart) na Klara Novak (Margaret Sullavan) wanauza mikoba na vitu vya ngozi kwenye duka la mzee Matuschek jijini Budapest. Mchana wanagombana juu ya kila kitu. Usiku kila mmoja anamwandikia barua mtu asiyemjua sura wala jina, kupitia sanduku la posta. Najua ushabahatisha. Hata filamu yenyewe haisumbuki kukuficha. Utamu wake ni kuwaona wakipishana kati ya rafu, wakinuniana, kila mmoja akiwa na barua ya mwenzake mfukoni.

Lubitsch alizaliwa Berlin, na baba yake alikuwa fundi wa nguo mwenye duka. Inaonekana. Huyu mtu anajua vile wafanyakazi husimama bosi akipita, na vile wanavyosimama akishapita. Tazama Klara anavyopata kazi. Kuna kasha la sigara linaloimba ukilifungua; bosi analipenda, Kralik anasema ni takataka. Anaingia mteja mnene. Klara anamwambia hilo ni kasha la peremende, na kwamba muziki utamkumbusha kila mara kwamba anakula tamu kupita kiasi. Limeuzika. Mama alipiga makofi. "Huyu angeuza hata mvua Kakamega."

Wengi wa rika langu tunaijua hadithi hii kupitia You've Got Mail ya 1998, ya Tom Hanks na Meg Ryan, ambapo barua zimekuwa barua pepe. Hiyo hunikera kidogo. Jamaa anafungua duka kubwa la vitabu, duka dogo la dada linafungwa, halafu mwishoni wanabusiana bustanini kama hakuna aliyepoteza kitu. Tena huku kwetu mambo yalienda kinyume. Nakumatt, na ukubwa wake wote, wadai wake walipiga kura kuimaliza Januari 2020, Tuskys nayo ikafuata, na kiduka cha mama hapa Amalemba bado kinapima sukari nusu kilo. Hollywood waje wafanye utafiti.

Ninachopendea ile ya zamani ni kwamba mapenzi hayasahau mshahara. Siku Kralik aliyopanga kukutana mkahawani na mwandani wake wa barua ndiyo siku anayofutwa kazi. Hataki tena kwenda. Ataenda kumwambia nini? Kwenye barua wamezungumza vitabu na mambo ya roho, sasa pale mezani atakuwa mwanamume asiye na kazi. Anamtuma Pirovitch achungulie dirishani, na Pirovitch, polepole, kama mtu anayepeleka habari ya msiba, anamwambia kwamba aliyeketi pale na Anna Karenina na ua lake ni Klara wa dukani. Baadaye Kralik anaingia bila kujitambulisha. Klara anamsema wee, mpaka anamwambia usoni kwamba yeye ni karani wa duka tu, hana maana. Na huyo ndiye mwanamke anayeipenda kila sentensi yake.

Hapo nilisimamisha laptopu nikaenda kuongeza chai.

Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokataa. Siku hizi naandika. Kazi inayolipa zaidi ni maelezo ya bidhaa za maduka ya mtandaoni huko ng'ambo: nalipwa kwa neno nisifie mikoba ya ngozi ambayo sijawahi kuishika. Kazi zikikauka nakaa kwenye kaunta ya mama, nauza mkate, maziwa, krediti, naandika madeni kwenye daftari. Kuna kijana wa Nairobi aliyesoma insha yangu moja akaniandikia. Ni miezi saba sasa. Tunaandikiana usiku, ndefu, si zile za "umekula?" Habari ya chuo anaijua, ya duka anaijua, sijamficha kitu. Lakini kusikia si kuona. Wateja walionijua tangu niko mdogo huniuliza mbele ya watu, "Kwani nyinyi bado hamjafungua?" Huwa nacheka. Sijui kama nitaweza kucheka na yeye amesimama hapo.

Malalamiko ninayo. Tangu usiku ule wa mkahawani Kralik anajua kila kitu, na ananyamaza. Klara anaugua, anaenda kumwona, barua yake inafika, naye ameketi pale pale kando ya kitanda akimtazama akiisoma na uso ukimrudia uhai. Ni kipande kitamu kuliko vyote na kinanisumbua hadi leo. Mama hakuona shida. "Kukhu," akasema (ananiita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake), "mwache kwanza huyo msichana amzoee vile alivyo." Halafu Kralik anazidisha. Anamdanganya kwamba amekutana na yule mwandani wake: anaitwa Popkin, ana kipara, ana kitambi, hana kazi, na ana wasiwasi kama mshahara wa Klara utawatosha wote wawili. Mama alicheka mpaka mrenda ukamwagika. Mimi pia, ingawa nilikuwa tayari nahesabu akina Popkin wa mtaa huu.

Ukweli unatoka mkesha wa Krismasi, wenzao wakishaenda, humo humo dukani. Mkahawa, na ua lake na kitabu chake, haukusaidia kitu. Walijuana mahali walipokuwa wakinuniana tangu mwanzo, katikati ya mikoba.

Anakuja Jumamosi. Alikuwa amependekeza tukutane mjini, mahali pazuri penye bustani. Usiku ule ule mama alipolala nilimwandikia ashuke kituoni, achukue boda hadi Amalemba, aulize duka lenye mlango wa kijani. Mama ana chama siku hiyo, kwa hiyo nitakuwa kwenye kaunta peke yangu mpaka saa mbili usiku. Akipata foleni ya mkate, atangoja.