Insha Niliyoisahihisha Vibaya

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwafundisha vijana namna ya kuhakiki riwaya. Ni kazi njema, wala siijutii. Lakini katika kazi hiyo nilitenda kosa moja ambalo halijaniondoka moyoni. Kwa kuwa wasomaji wa kurasa hizi wengi wao ni wanafunzi, au walimu kama mimi, nimeona heri nilieleze bila ya kulipamba.

Mwanafunzi aingiapo katika darasa la fasihi hupewa kwanza istilahi chache. Huambiwa kwamba dhamira ni wazo kuu linaloibeba kazi. Kwamba msuko ni mpango wa matukio, jinsi moja lizaavyo jingine. Kwamba mandhari ni mahali na wakati wa kisa, na nafsi ni sauti isimuliayo. Huambiwa pia kwamba wahusika wako walio bapa, wenye sifa moja isiyobadilika toka mwanzo hata mwisho, na walio duara, ambao hubadilika na kutushangaza kama watu tuishio nao. Yote haya yana manufaa. Seremala hachongi mlango bila ya randa na patasi, na mhakiki hawezi kueleza alichokiona bila ya majina ya kukitajia. Lakini aliyeagiza mlango ataka kuuona mlango; haridhiki kuonyeshwa randa.

Kitabu tulichokuwa tukikisoma muhula ule ni *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza na mwandishi mwenyewe akiwa mtumishi katika serikali yao. Kisa chake chajulikana. Katika nchi iliyo angani, kijana Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Karama ajitetea mbele ya mfalme na baraza lake kwa kusimulia habari za wajumbe sita, waliotumwa mmoja mmoja kwenda pande nne za ulimwengu, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alifika ugenini, akaona mambo yawezayo kuifaa nchi yake, akarudi kuyaeleza. Na malipo yake yakawa adhabu. Mwishoni Karama anashinda, na wajumbe wanatolewa kifungoni.

Niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba riwaya hiyo ina hekima nyingi, ila kwa sanaa inachechemea. Wahusika wake, nilisema, ni bapa: Majivuno hana ila majivuno, na Fadhili, Ridhaa na Amini ni sifa zilizovikwa kanzu. Msuko wake nao wajirudia mara sita, hata msomaji ajua mwisho wa kila safari kabla haijaanza. Dhamira niliiandika ubaoni kwa maneno manne: haki dhidi ya dhuluma. Wanafunzi waliyanakili hayo, wakanirudishia katika insha zao, nami nikawapa alama nzuri kwa kunirudishia mali yangu.

Mmoja tu hakufanya hivyo. Insha yake ilikuwa ya kurasa mbili na haikuwa na istilahi hata moja. Iliuliza swali moja: kwa nini walirudi? Yule wa kwanza, aliandika, yamkini hakujua yatakayompata. Lakini waliomfuata walikuwa na mfano mbele ya macho yao. Walikuwa katika nchi njema, mbali na mkono wa mfalme. Nani angewakamata wangalikaa huko? Kisha akaongeza, kwa ufupi, kwamba yeye anaye kaka aliyekwenda nchi njema, naye hakurudi, wala nyumbani hawamlaumu.

Pembeni mwa maneno hayo niliandika kwa wino mwekundu: “Hii si hoja ya uhakiki.” Nikampa alama 9 katika 25. Kijana hakuja kuichukua karatasi yake. Muhula uliofuata alihamia somo jingine, na tangu hapo sikumwona tena darasani mwangu.

Karatasi hiyo niliikuta miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikihamisha vitu kutoka ofisi moja kwenda nyingine. Niliisoma nimesimama; nikaketi, nikaisoma tena. Usiku ule nilikichukua kitabu nikakisoma upya, nikilitafuta jibu la swali lake, na zile istilahi nilizozoea kuzitumia kama hukumu zikaanza kunifanyia kazi nyingine.

Chukua msuko. Marudio yale sita niliyoyaita udhaifu ndiyo yanayolitia swali uzito. Mtu mmoja akirudi katika hatari twaweza kusema hakujua. Sita wakirudi, mmoja baada ya mwingine, hatuna budi kutafuta sababu nyingine. Chukua wahusika. Kwa kuwa ni bapa, mwandishi hatufungulii mioyo yao kutuonyesha hofu yao njiani. Sababu ya kurudi kwao imeachwa mikononi mwa msomaji, na yule kijana ndiye aliyeipokea. Chukua mandhari: nchi yenyewe yaelea angani, haina hata udongo wa kukanyaga, na bado watu wairudia kama mtoto amrudiavyo mama mkali.

Tena chukua nafsi, ambayo darasani sikuigusa kabisa. Habari za wajumbe twazisikia kinywani mwa Karama, naye ni mshtakiwa. Ana haja ya kuliaminisha baraza kwamba aletaye fikira mpya si adui wa nchi. Mjumbe aliyerudi huku akijua kifungo chamngoja ndiye ushahidi mkubwa kuliko wote wa kumtetea. Kwa hiyo dhamira si haki na dhuluma peke yake, kama nilivyoandika ubaoni. Ni deni gani mtu analo kwa nchi isiyompenda. Hilo ndilo swali alilolitaja yule kijana alipomtaja kaka yake, nami nikalikata kwa wino.

Kosa langu halikuwa kufundisha istilahi. Lilikuwa kuzipima kazi zote kwa kipimo kimoja. Pishi ni kipimo cha haki kwa mchele, lakini hapana apimaye kitambaa kwa pishi. Mgawanyo wa bapa na duara tumeurithi kwa E. M. Forster, katika mihadhara aliyoitoa Cambridge mwaka 1927. Na Forster mwenyewe hakuwadharau wahusika bapa, bali aliwatetea, akitoa mifano katika riwaya za Dickens. Mimi nilishika neno lake nikaacha maelezo yake. Katika hadithi ya mfano, ambamo jina ni maana, kumlaumu mhusika kwa ubapa ni sawa na kumlaumu mfalme wa sataranji kwa kukosa damu.

Siku hizi, kabla sijataja istilahi yoyote, nawataka wanafunzi waandike kwanza jambo moja lililowasumbua katika kitabu, hata likiwa limetoka nyumbani kwao. Halafu natoa vyombo: je, jambo hilo limeletwa na msuko, au na nafsi, au na mandhari? Wengine huona kumbe halikuletwa na kitabu, wakaliacha bila ya kulazimishwa. Wengi hugundua kwamba mwandishi alilipanda pale kwa makusudi. Uhakiki wao una makosa zaidi kuliko ule wa zamani, na ni mgumu kuusahihisha. Lakini nausoma hadi mwisho.

Ile karatasi ningali nayo. Nimekata ile 9 na kuandika alama nyingine juu yake, ingawa najua mwenyewe hataiona.