Kisumu: Ya Kufunga Sandukuni

Enyi mama zetu mnaojiandaa kwenda Kisumu likizo ya Aprili, joto la ziwani msilipime kwa joto la Mombasa. Mji ule uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua huchoma, alasiri hunguruma radi na mvua, na alfajiri kuna kibaridi. Buibui jepesi latosha, ila watoto wachukulieni sweta, miavuli na chandarua, kwani malaria ya huko si mzaha.

Mjukuu wangu alitaka kutawadha ukingoni mwa ziwa. Maji yale ni tohara, hilo halina shaka. Lakini yana vijidudu vya kichocho, navyo hupenya ngozi. Nilimshika mkono tukaenda kwenye bomba la msikiti, tukaikuta rakaa ya pili.