KARANI WA MAHAKAMA NA BENCHI LA KORIDONI

Wadau, kuna mdada mmoja ni karani kwenye mahakama ya wilaya, huko mikoani. Kazi anaijua. Alisoma stashahada ya sheria Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto, akafundishwa kufungua jalada, kuandika rejista, kutunza vielelezo na kupanga mashauri ya siku. Mahakimu wanampenda maana kwake jalada halipotei.

Ila kuna kitu kimoja alikuwa hakijui, na mbaya zaidi hakujua kama hakijui.

Asubuhi moja, miaka michache iliyopita, alitoka mlangoni na majalada mkononi kama kawaida yake, akapaza sauti: "Kesi ya kubaka! Mlalamikaji yupo?"

Koridoni kumejaa watu. Wa madeni, wa mirathi, wa kugombea kiwanja, hadi mama muuza karanga. Wote wakageuza shingo. Binti wa miaka kama 19, aliyekaa mwisho wa benchi, akanyoosha mkono kidogo, ukaishia begani. Hatua mbili kutoka kwake alikaa mtuhumiwa, yuko nje kwa dhamana, na ndugu zake wanne. Mmoja wao akacheka.

Siku hiyo shauri liliahirishwa kwa sababu shahidi mwingine hakufika. Tarehe iliyofuata binti hakuja. Ikatoka hati ya wito, hakuja. Ikatoka nyingine, majirani wakasema amehama mtaa. Mwishowe kesi ikafutwa, mtuhumiwa akatoka anapeana mikono na ndugu zake. Karani akaandika kwenye rejista, akafunga jalada, akawaza kama wanavyowaza wengi: hawa mabinti nao, wanashtaki halafu wanaingia mitini. Labda wamemalizana nyumbani.

Mwaka uliofuata ikaja semina ya siku mbili kwa watumishi: makarani, walinzi, hadi wahudumu. Mada ni namna ya kuwahudumia wahanga wa ukatili wanaofika mahakamani. Wengi walijua ni chai na posho tu. Mwezeshaji, mama mtu mzima aliyewahi kuwa ofisa ustawi wa jamii, wala hakuwasha projekta. Aliwaambia waache simu ndani, akawatoa nje na kuwakalisha kwenye benchi la koridoni saa nzima. "Kaeni kama mashahidi," akasema. "Andikeni kila mnachosikia."

Mdada akaandika. Mlinzi anamuuliza mtu getini, "Wewe umeleta kesi gani?" Bibi anaulizwa umri kwa sauti. Mtu katajiwa ugonjwa wake mbele ya watu. Ilipofika kama dakika ya arobaini akaandika sentensi moja, kalamu ikasimama: "Kesi ya kubaka, mlalamikaji yupo?"

Siku ile hakuna aliyeyasema maneno hayo. Aliyasikia kwa sauti yake mwenyewe.

Sheria yenyewe haikuwa na shida. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ushahidi wa kesi hizi unatolewa kwa faragha, na mashahidi hawatakiwi kutangazwa kwenye vyombo vya habari. Polisi kuna madawati ya jinsia na watoto. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya mahakama, mtu aelewe kinachosemwa juu yake. Yote mazuri. Lakini faragha ya sheria ilikuwa inaanzia ndani ya mlango, na yeye alikuwa anaimaliza nje, hatua tatu kabla binti hajaingia.

Aliporudi kazini aliomba ruhusa kwa hakimu mfawidhi, akatoa maboksi kwenye kachumba kalicho jirani na masijala, akaweka viti viwili na maji. Miezi kadhaa baadaye akaja mdada wa saluni, kesi yake ya aina ile ile. Safari hii karani aliita kwa namba ya shauri tu, kisha akamsogelea taratibu.

"Mdogo wangu, njoo ukae huku. Ukiingia, yule wa mbele ni hakimu, wa pembeni ni mwendesha mashtaka. Mtuhumiwa atakuwepo na ana haki ya kukuuliza maswali. Usipoelewa swali, omba lirudiwe. Ukizidiwa, mwambie hakimu unaomba kupumzika kidogo."

"Naruhusiwa, dada?"

"Kuomba unaruhusiwa."

Mwenzake wa masijala akamtania, "Naona siku hizi umekuwa wakili wa walalamikaji."

"Sijamwambia aseme nini," akajibu. "Nimemwambia akae wapi na choo kiko wapi."

Na ni kweli. Kesho yake alimwelekeza vile vile mama wa kijana aliyeshtakiwa kwa wizi, aliyekuwa anatangatanga getini tangu asubuhi. Kumwelekeza mtu siyo kumpendelea.

Mdada wa saluni alilia katikati ya ushahidi, akaomba apumzike, akanywa maji, akaendelea hadi mwisho. Hukumu ni kazi ya hakimu. Karani alichohesabu yeye ni kwamba mlalamikaji alirudi tarehe zote tatu.

Yule binti wa kwanza alimwona mara moja tu, stendi, anauza matunda. Wakatazamana. Binti akanyanyua beseni lake, akahamia upande wa pili. Karani alitamani kumwita amwombe radhi, akajizuia. Angemwita tena mbele za watu?

Hivi karibuni ameripoti karani mpya, kijana katoka chuo juzi, ana hamu ya kuonyeshwa rejista.

"Rejista utaikuta," mdada akamwambia. "Kwanza kakae pale kwenye benchi mpaka saa sita. Ukirudi uniambie umesikia nini."

Je, wewe ulishawahi kukaa kwenye benchi lile? Ulisikia nini?