Pampu ya Baba

Pampu ya Baba niliiuza kwa kilo.

Ilikuwa ile ya kukanyaga kwa mguu, chuma kitupu, geji yake imepasuka kioo. Miezi mitatu baada ya mazishi nilikuwa nasafisha stoo, mtu wa skrepa akapita, akaipima pamoja na sufuria mbili zilizotoboka. Akanipa mia mbili. Mama alikuwa kanisani, nami sikumwambia.

Mwaka jana Mama akasema anataka kuona North Horr. Baba aliendesha Land Rover huko kabla hawajaoana, na kwa miaka 30 Mama alisikia tu hadithi za Chalbi, lile jangwa la chumvi na mchanga. Baba alikuwa akisema ukiingia huko na tairi zimejaa, utazama. Ni kweli. Tairi ikipunguzwa upepo hulala, uzito ukatandazwa, isichimbe mchanga. Lakini ukifika kwenye mawe lazima urudishe upepo. La sivyo kuta za tairi hujikunja, hupata moto, na jiwe moja lenye makali linamaliza kazi.

Hayo yote niliyajua. Nisichojua ni kununua pampu.

Pale Kirinyaga Road nilichagua kwa macho: kompresa ndogo ya elfu mbili na mia tano, unaichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Sanduku liliandikwa psi 150. Nikajiambia, tairi zangu zinataka 35 tu, hii ni zaidi ya mara nne. Kumbe ile 150 ni presha ya juu kabisa inayoweza kufika. Haisemi inasukuma upepo kiasi gani kwa dakika. Tairi ya Prado ni pipa, na mimi nilikuwa nimenunua mrija wa soda.

Kwenda tulienda salama. Maikona nilishusha tairi zote hadi 18, tukaipita Chalbi bila kukwama, Kalacha, hadi North Horr. Mama aliokota kokoto moja akaitia kwenye kibeti, hakusema kitu.

Shida ilikuwa kurudi. Tulisimama kilomita chache baada ya Maikona, saa saba mchana, mawe meusi ya kuelekea Bubisa yakianza mbele yetu. Tairi ya kwanza ilichukua dakika 15 kufika 26, na kompresa ikawa moto haishikiki. Nikaipumzisha. Tairi ya pili, ikanyamaza. Nikabadilisha fyuzi, ikaungua. Nikabadilisha nyingine, hiyo pia. Mama alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari, magoti yamevimba kwa safari.

"Ile ya babako hukubeba?"

Ningeweza kudanganya. Jua lilikuwa kali sana.

"Niliuza, Mama. Kwa mtu wa skrepa."

"Pesa ngapi?"

"Mia mbili."

Akageuka kuangalia mawe. Tulikaa hivyo muda mrefu.

Lori la mbuzi ndilo lililotuokoa. Lori kubwa hufunga breki kwa upepo, kwa hivyo lina mtungi wa upepo unaojazwa na injini yake. Dereva alimsalimia Mama kwanza, akavuta mpira mrefu kutoka nyuma ya kiti, akauunga kwenye mtungi, na muda si muda tairi zetu zikasimama. Pesa alikataa. Aliinua tu kompresa yangu, akauliza, "Kijana, hii ni ya baluni?"

Nairobi nilianza upya. Mtungi wa gesi ya kaboni dioksaidi ulinivutia: hautaki umeme, na unajaza haraka. Lakini ukiisha umeisha, na gesi hiyo si kredo, eti utaipata kila kioski. Nikachukua kompresa inayobanwa moja kwa moja kwenye betri, maana fyuzi ya tundu la sigara haiwezi mzigo mkubwa. Safari hii niliuliza maswali: lita ngapi kwa dakika? Inafanya kazi dakika ngapi kabla ya kupumzishwa? Mpira unafika tairi ya nyuma? Kisha nikashusha tairi zote nne hapo kwa ploti, nikaacha injini ikinguruma betri isiishe, nikazijaza tena. Majirani walidhani nimerukwa na akili.

Gikomba nikapata pia pampu ya mguu, mtumba, chuma kitupu. Kompresa ikikufa, miguu itabaki. Nilimpelekea Mama aione. Akaiweka sakafuni, akaikanyaga mara moja kwa mguu wenye nafuu, akasikiliza upepo ukitoka.

"Ngapi hii?"

"Elfu moja mia nane."

"Na ile yetu?"

Sikujibu. Akaiinua mwenyewe, akaisukuma chini ya kitanda chake.

"Ukitaka kusafiri," akasema, "utakuja kuniomba."