Upepo wa Loiyangalani Haulali

Dada mpendwa,

Tulifika Loiyangalani jana jioni, mifupa yote ikiuma. Kutoka Laisamis ni zaidi ya kilomita 200 za vumbi na mawe meusi ya volkano, na gurudumu letu moja lilipasuka njiani. Nilipofungua mlango nishuke, upepo nusura uung'oe! Ndipo nikaiona ile mitambo ya kuzalisha stima kwa upepo, safu nyuma ya safu.

Iko 365, kila mmoja kilowati 850. Yote ikizunguka vizuri hutoa megawati 310. Utauliza, mbona hawakusimamisha michache mikubwa? Shida ni barabara. Panga moja lina urefu wa mita 25 hivi, na yote yalipandishwa huku kwa malori kutoka bandari ya Mombasa. Baharini kule Ulaya sasa kuna mapanga yanayopita mita 100. Panga kama hilo ungelikatisha vipi kona hizi? Ndiyo maana nawaombea heri wahandisi wanaounda panga la vipande viwili, linalounganishwa likishafika.

Lakini kilichoninyima usingizi ni kingine. Upepo huu hubanwa kati ya milima ya Ethiopia na ya kwetu, na usiku ndipo huvuma kwa nguvu zaidi, Nairobi ikiwa imelala. Stima haiwekwi ghalani kama mahindi. Mitambo ya mvuke wa ardhini kule Olkaria nayo haizimwi ovyo ovyo, basi upepo ndio huambiwa upunguze. Inaniuma sana, dada. Mitambo hii ilikamilika 2017, ikangoja nyaya za kupeleka stima Suswa hadi 2018, na hata sasa zikiwa zipo, kuna usiku nguvu yake inapotea bure.

Ningekuwa na fedha za utafiti, ningeziweka hapo kwanza: betri za bei nafuu, maji ya kusukumwa juu usiku yateremke jioni kuzungusha mitambo, na utabiri wa upepo ambao wasimamizi wa gridi wanaweza kuuamini. Na wateja wa usiku pia watafutwe. Tangu 2023 kuna bei maalumu ya stima ya kuchaji magari na pikipiki, na usiku hushuka.

Mwambie shemeji asinunue ile pikipiki ya petroli kabla sijarudi. Nataka tukae tupige hesabu pamoja.

Kesho alfajiri tunashuka ziwani.

Nduguyo akupendaye